Kununua sehemu ya mwenzi wa zamani katika nyumba yenu: fedha itoke wapi, na mambo yafuatane vipi

Ndoa ikivunjika na mmoja akataka kubaki katika nyumba, lazima amlipe mwenzake haki yake. Kulisema hilo ni rahisi. Kazi ipo kwenye kuipata fedha, na zaidi kwenye mpangilio, kwa sababu nyumba yenye mkopo ina vitu vitatu vinavyotakiwa kuhama pamoja: jina lililo kwenye hati, jina lililo kwenye mkopo, na fedha. Watu huumia pale vinapohama kwa nyakati tofauti.

Kuna anayesaini kuachia hati kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Miaka inapita, hana nyumba, hana fedha, na benki bado inamhesabu kuwa mdaiwa, hivyo akienda kuomba mkopo wa nyumba yake mpya anakataliwa. Kuna na yule aliyelipa kila senti mkononi, bila kubadilisha hati, na siku anayotaka kuuza anahitaji saini ya mtu ambaye hawasemezani tena. Wengi pia hudhani amri ya talaka imewatoa kwenye mkopo. Haijawatoa. Benki haikuwa upande katika kesi yenu. Mahakama ikiamuru mmoja alipe mkopo na asipolipa, benki bado ina haki ya kumfuata yeyote aliyesaini.

Sheria za ndoa, ardhi na kodi hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo wakili wa mahali ulipo hakwepeki. Lakini hesabu na mfuatano wa hatua ni vilevile kokote. Katika mwongozo huu yule anayechukua nyumba nitamwita anayebaki, na mwenzake nitamwita anayeondoka. Tarakimu zote zitachukulia kwamba nyumba ina thamani ya 100, ili kila msomaji aweke kiasi chake.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unaimudu peke yako

Mkopo wa nyumba uliochukuliwa na watu wawili ulipimwa kwa vipato viwili. Sasa kipato ni kimoja na deni linaongezeka, kwa sababu juu ya salio la zamani unaweka fedha ya kumlipa mwenzako. Tazama mfano huu, ambao tutautumia hadi mwisho. Nyumba ina thamani ya 100, salio la mkopo ni 40, miaka iliyobaki ni 12, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Marejesho ya sasa ni karibu 0.525 kwa mwezi. Thamani inayobaki baada ya kutoa deni ni 60, na mkigawana nusu kwa nusu mwenzako anakudai 30. Ukikopa 70 ili kufuta salio la zamani na kumlipa, kwa riba ileile na muda wa miaka 20, marejesho yanakuwa 0.771 kwa mwezi. Yamepanda kwa karibu nusu, ilhali mshahara mmoja umeondoka nyumbani.

Benki nyingi hazitaki marejesho ya madeni yote yapite sehemu fulani ya kipato, na mara nyingi sehemu hiyo iko kati ya theluthi na nusu. Kwa kikomo cha theluthi, marejesho ya 0.771 yanadai kipato cha angalau 2.31 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mtu ambaye thamani ya nyumba ni zaidi ya miezi 43 ya kipato chake atakwama katika mfano huu hata kama historia yake ya mikopo ni safi. Fanya hesabu hii nyumbani kabla afisa mikopo hajakufanyia.

Matunzo ya watoto nayo yanaingia. Unayolipa huhesabiwa kama deni. Unayopokea huenda yakahesabiwa kama kipato, lakini kwa kawaida benki itataka amri ya mahakama na taarifa za akaunti zinazoonyesha kwamba yameingia kwa miezi kadhaa mfululizo. Ahadi ya mdomo haina uzito mezani kwao.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: kuanzia mwezi huu, lipa marejesho ya sasa, kisha weka akiba tofauti kati yake na marejesho mapya, pamoja na fungu la bima, kodi ya majengo na matengenezo. Fanya hivyo miezi minne au mitano. Ukiweza bila kukopa kwa ndugu, unaimudu, na akiba hiyo itakusaidia kulipa gharama za wakili na uthamini. Usipoweza, bora ujue sasa. Najua uchungu wa kuiacha nyumba ambayo watoto wameizoea, na simlaumu mzazi anayeipigania. Lakini kung'ang'ania nyumba usiyoimudu ni kuahirisha tu siku ya kuiuza, na nyumba inayouzwa huku benki inagonga mlango haipati bei nzuri.

Hatua ya pili: kusanya karatasi

Nakala ya hati si kitu cha kuamini peke yake. Fanya upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi uone ni nani hasa wameandikishwa kuwa wamiliki, kwa umiliki wa aina gani, na kama kuna rehani nyingine au zuio usilolijua. Si ajabu kugundua kwamba nyumba iliwekwa dhamana ya mkopo wa biashara ambao mmoja wenu hakuambiwa.

Aina ya umiliki ni jambo zito. Katika nchi nyingi zenye mfumo wa sheria uliotokana na ule wa Kiingereza, wanandoa huweza kuwa wamiliki wa pamoja, ambapo mmoja akifa sehemu yake inamwangukia aliyebaki hai moja kwa moja, hata kama wosia unasema vingine. Au huweza kumiliki kwa mafungu, kila mtu na lake, na la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Mkiwa mnaachana, muulize wakili kama umiliki wa pamoja ugeuzwe mafungu mapema. Mchakato wa kununuana unaweza kuchukua mwaka, na kifo hakisubiri makaratasi.

Kwa benki, omba barua inayoonyesha kiasi kamili cha kumaliza mkopo kwa tarehe maalumu. Usichukue salio unaloliona kwenye simu. Barua hiyo huonyesha riba iliyokwisha kujumlishwa, ada, na adhabu ya kulipa mapema kama mkataba unaitoza. Adhabu hiyo yenyewe inaweza kubadilisha uamuzi wako wa kukopa wapi.

Hatua ya tatu: mpate bei moja

Chagueni mthamini mmoja, mkubaliane naye nyote wawili kwa maandishi, na gharama mgawane. Kabla ya kumwajiri, ulizeni benki mnayokusudia kukopa kama inaipokea ripoti yake, maana benki nyingi zina orodha yao ya wathamini. Mkiajiri asiyemo mtalipa mara mbili, na mnaweza kuishia na bei mbili.

Ripoti ya uthamini kwa kawaida huwa na zaidi ya tarakimu moja. Ipo bei ya soko, ambayo mnunuzi wa kawaida angelipa baada ya nyumba kutangazwa kwa muda wa kutosha. Ipo bei ya kuuza kwa shinikizo, ambayo ni ya chini, kwa kuwa inakadiria mauzo ya haraka au mnada. Anayeondoka analipwa kwa bei ya soko, kwa sababu hakuna anayeuza kwa shinikizo hapa. Benki yenyewe huweza kupima mkopo kwa ile ya chini. Pengo hilo ndilo linalowashangaza watu wengi: ugomvi wa bei umekwisha, makubaliano yamesainiwa, kisha benki inakopesha pungufu kuliko walivyotarajia.

Kama kila upande umeleta mthamini wake na bei zimetofautiana, wengi huchukua wastani. Ni sawa pale tofauti ikiwa ndogo. Ikiwa kubwa, mmoja wao amekosea au amependelea, na wastani wa kosa bado una kosa ndani yake. Leteni wa tatu ambaye uamuzi wake utawafunga.

Andikeni pia tarehe ya thamani. Bei ya siku mliyotengana, ya siku ya talaka, na ya siku ya malipo zinaweza kuwa tatu tofauti, na kila upande utavutiwa na inayomfaa. Mimi naona ya karibu na siku ya malipo ndiyo ya haki zaidi, ila mahali pengine sheria imekwisha kuamua.

Hatua ya nne: hesabu haki ya anayeondoka

Kanuni ya msingi ni fupi. Chukua thamani ya soko, toa kiasi cha kumaliza mkopo, kinachobaki zidisha kwa fungu la anayeondoka. Katika mfano wetu: 100 toa 40 ni 60, na nusu yake ni 30.

Mjadala huanza kwenye marekebisho. Nusu kwa nusu si sheria ya dunia nzima. Huenda mmoja alitoa malipo ya kwanza kutoka kwenye akiba ya kabla ya ndoa, au alirithi kiwanja, au mwingine hakuleta fedha lakini alilea watoto na kutunza nyumba ili mwenzake afanye kazi, jambo ambalo sheria za nchi nyingi sasa zinalitambua kuwa mchango. Halafu kuna kipindi cha tangu mlipotengana. Anayebaki amekuwa akilipa mkopo peke yake, na kila mwezi sehemu ya marejesho imepunguza deni la wote wawili, hivyo anadai irudishwe kwenye hesabu. Anayeondoka naye anajibu kwamba mwenzake amekaa bure katika nyumba ambayo nusu ni yake, ilhali yeye anapanga kwingine. Hoja zote mbili ni za kweli. Mara nyingi hukaribiana kiasi, na mawakili wenye busara huzifuta zote mbili badala ya kuzipigania kwa ada kubwa kuliko tofauti yenyewe.

Angalia hasa hoja ya gharama za mauzo. Anayebaki husema: tungeuza, tungemlipa dalali na wakili, basi toa gharama hizo kwanza. Anayeondoka husema: hatuuzi, kwa nini nikatwe? Hakuna jibu moja. Ila ujue kwamba anayebaki ndiye atakayebeba gharama hizo peke yake siku atakapouza, pengine na kodi ya faida juu yake, kwa hiyo si uroho kuliweka jambo hilo mezani.

Hatua ya tano: fedha itoke wapi

Hapa ndipo pa kutulia. Wengi wanaijua njia moja tu, kukopa upya kwa jina lako peke yako, na benki ikikataa wanadhani mambo yameishia hapo. Zipo nyingine, na mara nyingi jibu zuri ni mchanganyiko.

Kukopa upya ndiyo njia safi zaidi. Unachukua mkopo mpya kwa jina lako, unafuta wa zamani, na kinachozidi kinakwenda kwa mwenzako. Anayeondoka anatoka kwenye hati na kwenye deni kwa mkupuo. Benki itapima mambo mawili: kipato chako, ambacho tumekwisha kukizungumzia, na uwiano wa mkopo na thamani ya nyumba. Kama benki inakopesha hadi asilimia 80 ya thamani, katika mfano wetu 70 inaingia bila shida. Sasa fikiri salio lingekuwa 70 badala ya 40. Thamani inayobaki ni 30, haki ya mwenzako ni 15 tu, lakini mkopo unaohitajika ni 85. Unamlipa kiasi kidogo kuliko mwanzo, na bado umezidi kikomo cha benki kwa 5, ambazo lazima uzitoe mfukoni. Ndiyo maana aliyeanza kulipa nyumba juzi hupata taabu kuliko aliyeikaribia kuimaliza.

Afisa mikopo atakupendekezea kurefusha muda ili marejesho yashuke. Mkopo wa 70 kwa asilimia 12 ukilipwa kwa miaka 15, marejesho ni 0.840 kwa mwezi na jumla unalipa karibu 151. Kwa miaka 20 ni 0.771, jumla 185. Kwa miaka 25 ni 0.737, jumla 221. Linganisha hizo mbili za mwisho. Miaka mitano ya ziada imekupunguzia marejesho kwa asilimia nne na kidogo, na imekuongezea malipo ya 36, zaidi ya theluthi ya thamani ya nyumba nzima. Kutoka 15 kwenda 20 kuna nafuu ya maana kila mwezi. Kupita hapo, kwa riba kama hii, unanunua nafuu ndogo kwa bei ya kutisha. Riba ikiwa ndogo picha inabadilika, kwa hiyo mwombe afisa akuchapishie jedwali la marejesho kwa kila muda kabla ya kuchagua.

Kubaki na mkopo wa zamani na kuongeza juu yake ni njia inayosahaulika. Benki yenu ya sasa inaweza kukubali kumwondoa mwenzako kwenye mkopo, wewe ukaurithi kwa riba ileile, halafu ikakupa nyongeza ya kumlipa. Kama mlikopa wakati riba ilikuwa chini, usiuache mkopo huo kirahisi. Tuseme ile 40 ina riba ya asilimia 7, na mikopo mipya leo ni asilimia 12. Kukopa 70 yote upya kunakugharimu riba ya karibu 8.4 kwa mwaka wa kwanza. Ukibakiza 40 ya zamani na kuongeza 30, hata kama nyongeza hiyo utatozwa asilimia 15 kali, riba ni 2.8 na 4.5, jumla 7.3. Benki haina lazima ya kukubali, na itakupima upya kipato. Lakini omba, na uombe kwa barua, kwa sababu afisa wa dirishani mara nyingi hana mamlaka ya kusema ndiyo.

Kufidiana kwa mali nyingine ndiko kunakoweza kuokoa nyumba ambayo benki ingekunyima. Haki ya mwenzako ni 30, lakini haijaandikwa popote kwamba lazima iwe fedha taslimu. Tuseme mna akiba ambayo sehemu yako ni 12, na kiwanja ambacho sehemu yako ni 8. Ukimwachia vyote viwili, anabaki kukudai 10. Mkopo mpya unakuwa 50 badala ya 70, na marejesho ya miaka 20 kwa asilimia 12 ni 0.551 kwa mwezi, karibu sawa kabisa na 0.525 mliyokuwa mkilipa. Tahadhari moja: pima kila mali kwa thamani yake ya kutumika. Fedha iliyo katika mfuko wa pensheni, usiyoweza kuigusa kwa miaka mingi na itakayokatwa kodi siku ukiipata, haina uzito sawa na kiasi hichohicho kilicho benki. Na usijivue akiba yote. Mwenye nyumba asiye na akiba hata kidogo yuko paa moja bovu tu kabla ya kukosa rejesho.

Kumlipa mwenzako kwa awamu kunafaa pale kipato chako kinakua au benki imekupa nusu tu ya unachohitaji. Kwa anayeondoka hili ni kukopesha, na akopeshe kama mkopeshaji: kuwe na ratiba, riba au fidia ya kushuka kwa thamani ya fedha, na haki yake iandikishwe juu ya nyumba kama rehani ya pili, kwa ridhaa ya benki yenye rehani ya kwanza. Mimi simshauri mtu yeyote akubali awamu zisizo na dhamana, hata kama mmeachana kwa amani. Watu huoa tena, hupoteza kazi, hufa. Na bado swali la mkopo wa zamani lazima lijibiwe, kwa kuwa jina la anayeondoka likibaki humo, awamu hazijamweka huru.

Kwa wasiotaka riba, benki zinazofuata misingi ya Kiislamu zina musharaka inayopungua, na inaendana na jambo hili vizuri. Benki inanunua fungu la mwenzako na kuwa mbia wako katika nyumba. Wewe unailipa kodi ya pango kwa fungu lake huku ukilinunua kidogo kidogo, na kadiri fungu lake linavyopungua ndivyo kodi inavyopungua, mpaka nyumba inakuwa yako yote. Uliza nani anabeba bima na matengenezo makubwa, na nini kinatokea ukichelewa.

Fedha ya ndugu na wazazi husaidia sana kuziba pengo, ila benki itataka barua inayosema kama ni zawadi au mkopo. Sema ukweli. Mkopaji mwenza mpya, awe dada, mtoto mkubwa au mchumba, huongeza kipato kinachopimwa, lakini ukimwingiza unaanza upya jambo lilelile unalojaribu kulimaliza. Jina lake likiwa kwenye deni, atataka liwe kwenye hati.

Njia ya kukwepa ni mikopo ya haraka isiyo na dhamana, ya mshahara au ya simu. Muda wake ni mfupi na riba yake juu, na marejesho yake yanakula nafasi uliyokuwa nayo ya kupata mkopo wa nyumba. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kuwa bora kwa pengo dogo, ukizingatia kwamba waliokudhamini wanabeba hatari pamoja nawe.

Hatua ya sita: benki kwanza, saini baadaye

Peleka maombi mapema upate barua ya kukubaliwa kwa awali, inayotaja kiasi na masharti, kabla ya kusaini makubaliano ya mgawanyo. Anayeahidi 30 mahakamani kisha akagundua benki inampa 22 amejifunga kwa amri asiyoweza kuitimiza, na kuivunja kuna madhara yake. Benki nayo haitatoa fedha bila kuona makubaliano au amri. Kwa hiyo vinakwenda pamoja: barua ya awali, makubaliano yaliyoandikwa, kisha idhini ya mwisho.

Makubaliano yasiishie kwenye kiasi. Yaseme nani analipa mkopo, bima na kodi mpaka siku ya kufunga. Yaseme muda, na nini kinafuata ukipita. Kifungu kinaweza kusomeka hivi, wakili wako akikirekebisha:

"Anayebaki atakamilisha malipo ya haki ya Anayeondoka, na atahakikisha Anayeondoka ameondolewa kwenye mkopo, ndani ya siku 120 tangu tarehe ya amri. Anayeondoka atasaini hati za uhamisho na kuziweka kwa wakili aliyekubaliwa na pande zote, ambaye hatazitoa mpaka athibitishe kwa maandishi kwamba malipo yamepokelewa na mkopo wa awali umefungwa. Muda huo ukipita bila kukamilika, nyumba itatangazwa kuuzwa kwa bei ya soko, na pande zote zitatoa ushirikiano katika mauzo."

Sehemu ya katikati ndiyo roho ya kifungu. Saini ipo, lakini imefungiwa kwa mtu wa tatu, kwa hiyo anayebaki hana wasiwasi kwamba mwenzake atagoma kusaini dakika ya mwisho, na anayeondoka hajaachia kitu kabla ya kulipwa. Sehemu ya mwisho inawapa wote sababu ya kuharakisha.

Makubaliano yakishasainiwa, yafanywe amri ya mahakama pale sheria inaporuhusu. Na kabla ya kufunga, muulize mtaalamu wa kodi kuhusu ushuru wa stempu na kodi ya faida ya mali. Nchi kadhaa hutoa msamaha kwa mali inayohamishwa kati ya wanandoa kwa sababu ya talaka, lakini msamaha huo huweza kuwa na muda au kudai amri iwe na maneno fulani. Kuuliza baada ya kuhamisha hati ni kuchelewa.

Hatua ya saba: siku ya kufunga

Siku hii anayeondoka hatakiwi kumwamini mtu, na anayebaki pia. Wanaamini mfuatano. Benki mpya inaidhinisha na kutuma fedha kwa wakili wake, au inatoa barua ya ahadi ya malipo. Benki ya zamani inapokea kiasi kamili cha kumaliza mkopo na kutoa hati ya kuondoa rehani. Kiasi hicho kiwe cha siku hiyohiyo, kwa sababu riba ya siku mbili tatu iliyosahaulika inatosha kuzuia rehani isiondolewe. Haki ya anayeondoka inalipwa kadiri ya masharti ya makubaliano, kwa njia ya benki, na risiti inasainiwa inayosema ni malipo kamili ya haki yake katika nyumba hiyo, ikitaja namba ya hati. Hapo wakili anaachia hati ya uhamisho, na hati tatu zinapelekwa masjala kwa pamoja: ya kuondoa rehani ya zamani, ya kuhamisha umiliki kwenda kwa anayebaki peke yake, na ya rehani mpya. Kama benki ni ileile, mambo ni mepesi zaidi, ila usiruke hata hati moja.

Nyumba isiyo na mkopo inapunguza hati moja tu. Mengine yanabaki vilevile.

Ikishindikana

Benki zikikataa zote, yapo mawili ya kufikiria kabla ya kuuza. La kwanza ni kuahirisha kwa makubaliano: mnabaki wamiliki kwa mafungu mpaka tukio fulani, kwa mfano mtoto mdogo kumaliza shule, anayebaki analipa gharama zote, na haki ya anayeondoka inaandikwa kama asilimia ya thamani ya siku hiyo ya baadaye, si kama kiasi. Likubalini mkijua kwamba anayeondoka atabaki kwenye mkopo miaka hiyo yote, na aruhusiwe kuona taarifa za marejesho kila mwezi. La pili ni kugeuza viti: pengine yule mwingine ndiye anayeweza kukopa, na wewe uchukue fedha ukaanze kwenye nyumba ndogo unayoimudu. Wengi hawaliulizi swali hilo kwa sababu ya hasira.

Baada ya kukamilika

Wiki kadhaa baadaye, fanya upekuzi mpya masjala. Uone jina moja, rehani moja, hakuna zuio. Anayeondoka achukue barua ya benki ya zamani inayosema mkopo umefungwa, kisha aangalie taarifa yake ya mikopo kuhakikisha deni halionekani tena. Likionekana, barua hiyo ndiyo silaha yake. Anayebaki abadilishe jina la mwenye bima ya nyumba mara moja, kwani bima yenye majina ya zamani huleta mabishano siku ya madai. Bima ya maisha iliyofungwa na mkopo wa zamani huisha nao, hivyo mkopo mpya unahitaji yake. Akaunti za maji na umeme, warithi walioandikwa kwenye bima na pensheni, na wosia, vyote vipitiwe upya na kila upande. Ripoti ya uthamini, makubaliano, amri, risiti na hati za masjala vitunzwe na kila mmoja kwa nakala, kwa sababu siku nyumba ikiuzwa mamlaka ya kodi inaweza kuuliza ilipatikanaje na kwa thamani gani.